Marehemu Anadai Koti

Gihosha, Bujumbura
9 Oktoba 2000

Mama yangu mpendwa,

Barua hii anakuletea Dévote, yule muuza vitenge anayepita Gatumba na Uvira mpaka huko kwetu Bukavu. Mpe kiti kabla hajasema lolote, maana miguu yake inavimba na yeye ni mtu wa kuficha.

Watoto ni wazima. Espoir ameingia darasa la sita na anajifanya mkubwa wa nyumba. Irène sasa anajua Kirundi kuliko mimi. Juzi aliniomba maji kwa Kirundi mbele ya wageni, nikajifanya sikusikia, akarudia, mwishowe nikampa. Unakumbuka tulivyoondoka tukisema ni kwa miezi miwili, mpaka wale waliokuwa wakimtafuta Adolphe wamsahau? Huu ni mwaka wa pili. Sahani zetu za harusi bado zimefungwa kwenye magazeti. Adolphe hataki nizifungue, anasema nikizifungua nitakuwa nimekubali kuhamia.

Huku nako ni vita, Mama. Milio inatoka milimani, na majirani wameshaizoea. Wanasema ya leo iko mbali, wanaendelea kupepeta mchele. Tulikimbia vita tukaja vitani. Mtu akiniuliza kwa nini sina jibu, isipokuwa kwamba huku hakuna anayemjua Adolphe kwa jina.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Adolphe ni mgonjwa. Yuko hospitali na hawezi kukuandikia mwenyewe. Usiniulize ni ugonjwa gani, hayo atakueleza yeye. Unajua hospitali zilivyo: mgonjwa asiye na mtu wake hapikiwi wala haogeshwi, na mimi nina watoto nyumbani. Kama Namegabe anaweza kuja, aje haraka akae na kaka yake. Msiogope. Mtuombee.

Binti yako,
Geneviève, Mama Espoir


Kadutu, Bukavu
24 Oktoba 2000

Mama Espoir, binti yangu,

Namegabe alitusomea barua yako kwa sauti, akaishia njiani, nikaichukua nikaimaliza mwenyewe. Hatukuhitaji kumuuliza Dévote kitu. Mwanamke anayeandika kwamba mumewe ni mgonjwa, mje haraka, msiogope, anaeleweka. Hata mimi, baba mkwe wako alipotutoka, niliwaandikia dada zangu hivyohivyo, kwa sababu kwetu kifo hakiwekwi kwenye karatasi. Anatumwa mtu akiseme kwa mdomo. Wewe hukuwa na mtu wa kumtuma. Umefanya vizuri, umetulinda, nakushukuru katika machozi haya.

Namegabe alikwenda kuomba kibali cha kusafiri ili aje amzike kaka yake. Wakamnyima. Basi tukaweka matanga hapa nyumbani, kwenye parseli yetu, bila mwili. Tuliweka mezani ile picha aliyopigwa siku aliyoanza ualimu, na mshumaa. Watu walijaa mpaka barabarani. Wanafunzi wake walikuja wakaimba.

Na wale wenye bunduki walikuja. Haohao waliomtaka awatajie majina ya wanafunzi wakubwa ili wawachukue jeshini, naye akakataa, mkalazimika kukimbia. Walikuja wawili, wakakaa kwenye benchi la mbele, wakanywa chai, wakaitazama picha. Mmoja akavua kofia. Sikuwafukuza. Sikuwa na nguvu ya kumfukuza hata kuku.

Siku ya kuondoa matanga tuligawa vitu vyake kama inavyotakiwa. Redio ni ya Namegabe. Koti la kijivu, lile la harusi, amepewa baba mdogo, ambaye alilia kuliko wote. Wazee wanauliza kama utakubali kukaa chini ya ulinzi wa Namegabe. Nimewaambia wakuache upumue kwanza.

Uniambie mmemzika wapi, na kama padri alikuwepo. Na kama alisema neno juu yangu, hata dogo, usinifiche.

Mama yako,
Consolate


Gihosha, Bujumbura
5 Novemba 2000

Mama,

Adolphe hajafa. Naandika tena ili jicho lako lisiruke mstari: Adolphe hajafa. Amekaa hapa mezani ananitazama nikiandika, na amekasirika.

Kosa ni langu. Niliandika mgonjwa kwa sababu alikuwa mgonjwa. Ile barua niliiandika kwenye ngazi za hospitali, kichwa kimejaa, Irène amelala mapajani, na sikukumbuka kabisa kwamba kwetu mtu akisoma maneno hayo anaanza kuazima viti. Mama, nisamehe. Nikifikiria ulivyokaa mbele ya ule mshumaa natamani ardhi inimeze.

Na sikutaja ugonjwa kwa sababu yeye alinikataza. Alikuambia anafundisha shule huku. Hafundishi. Vyeti vyake havikukubaliwa, na tangu tufike anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga muhogo ya Bwana Majid, Mwarabu mmoja mfanyabiashara, kule kwenye viwanda, Zone Industrielle. Mkanda wa mashine ulimshika mkono wa kulia. Vidole viwili vimekwenda, vingine bado vimefungwa. Majid alimkimbiza hospitali kwa gari lake mwenyewe, viti vyote vikaloa damu, na hajasema neno. Mkewe Siti ndiye aliyekuwa akimpikia mgonjwa siku ambazo mimi nilishindwa.

Hawezi kushika kalamu. Espoir ataandika baba yake anavyosema.

Mama ni mimi Adolphe. Mwandiko ni wa Espoir, maneno ni yangu. Nimesikia mmenililia vizuri, asanteni. Sasa nataka koti langu. Baba mdogo ana mabega kama mlango, atalipasua mgongoni. Tangu siku ya harusi yangu alikuwa akilitamani, akaniomba kuliazima nikamkatalia, na nashangaa alivyopata machozi haraka. Arudishe. Namegabe akae na redio lakini asiuguse ule waya niliofunga nyuma, bila huo haishiki stesheni hata moja. Na hilo la Geneviève kutafutiwa ulinzi, waambie wazee kwamba mwenye kazi hiyo bado hajaiacha. Baba anacheka sasa lakini jana hakucheka. Baba anasema nifute hiyo. Mama, nilikuficha kazi yangu kwa sababu ulishona nguo za watu mpaka macho yakauma ili mimi nishike chaki, na sikutaka ujue kwamba nashika magunia. Ni hilo tu. Mkono unauma lakini mtu mwenyewe yuko.

Mama, umemsikia. Tuandikie upesi.

Geneviève


Kadutu, Bukavu
22 Novemba 2000

Geneviève,

Barua yako imenifikia. Nimeisoma.

Binti yangu, msiba unaweza kumchukua mtu akili. Nimeona wengi, na wengine walikuwa na nguvu kuliko wewe. Uko ugenini, huna mama wala dada wa kukushika, si ajabu ukamwona mumeo amekaa mezani na kumsikia akidai nguo zake. Lakini usimlazimishe mtoto kuandika maneno ya baba yake aliyekufa. Espoir atakuja kuugua.

Mwanangu Adolphe amefariki. Kadutu nzima inajua, tumemlilia na tumegawa vitu vyake. Kabla ya Noeli tutamwekea misa ya ukumbusho. Kata nywele, vaa nguo za mfiwa, utulie, uwalee watoto.

Mambo haya usiyaandike tena. Nakuomba, usiyaandike tena.

Consolate,
mama wa marehemu


Gihosha, Bujumbura
5 Desemba 2000

Mama,

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelainika kwenye mikunjo, na bado sijui niliyekuwa nikimsoma ni nani. Wewe hujawahi kuniita Geneviève tangu nimzae Espoir. Nimefanya nini? Kama umenikasirikia kwa kosa la barua ya kwanza, nitukane, hilo nitaliweza. Hili la kuniambia nina wazimu, na mtu mwenyewe yuko nyuma ya mgongo wangu anakohoa, siliwezi.

Nilitaka kumficha barua, akaipata. Aliisoma amesimama. Kisha akaomba kioo. Alijitazama kwa muda, akakirudisha, akasema: "Kama mama mwenyewe anasema nilikufa, mi nitabishana na nani?" Nikadhani ni mzaha. Lakini tangu siku hiyo chakula anakisukumasukuma tu, na Irène akimwita anachelewa kuitika, utadhani anaitwa mtu mwingine. Kuna asubuhi moja niliamka nikamtazama, Mama, na kwa muda mfupi sana nikajiuliza kama kweli ninamwona. Niliogopa. Nikamgusa shingo. Ilikuwa ya moto.

Dévote naye ametuchanganya zaidi. Anasema alikuja kwako kuchukua jibu, akakuambia mbele ya wageni kwamba amemwona Adolphe kwa macho yake, na wewe ukamjibu kwamba hata yeye amedanganywa. Halafu wakati wa kumsindikiza ukamshika mkono ukaubana mpaka ukamuuma. Nimemuuliza maana yake nini. Anasema hajui, labda mama amechoka.

Siti ananipitia kila jioni, kwa sababu ni Ramadhani na hawezi kufuturu bila kutuletea uji na sambusa, ingawa anajua sisi ni Wakristo na tumeshakula. Nilimsimulia yote. Akasema: "Mama Espoir, hizi barua hazitasaidia kitu. Aende, mama yake amuone na macho." Bora asingesema mbele ya Adolphe. Maana sasa Adolphe ameamua. Anataka kuja Bukavu na Dévote wiki ya Noeli, aingie kanisani wakati wa misa yake mwenyewe, apite katikati ya viti mpaka pale ulipokaa.

Nimemwambia wale watu bado wako. Anasema wamemsahau, walikunywa chai, mmoja hata alivua kofia, watu wa namna hiyo hawana ubaya tena. Nimelia, nimenuna, nimeficha viatu vyake, amevipata. Sijui tena la hatari ni lipi, aje huko wamkamate, au abaki huku anafifia mbele ya watoto. Kila nikichagua moja, usiku lile la pili linaonekana ndilo la hatari.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Niandikie kwa mkono wako kwamba unaamini yuko hai. Sitaki maelezo. Akiliona hilo hatasafiri, ameniahidi. Usipoandika, ataondoka.

Mama Espoir,
kama bado ni jina langu


Kadutu, Bukavu
14 Desemba 2000

Adolphe mwanangu, Mama Espoir binti yangu,

Barua hii imechukuliwa na Sista mmoja anayesafiri kwa gari la misheni, haitafunguliwa njiani. Mkiisha kuisoma ichomeni.

Adolphe, usije. Rudisha hivyo viatu vyako pale mkeo alipovificha.

Najua uko hai. Nilijua siku ileile ya barua ya koti. Mjane aliyepotewa na akili anaweza kumwona mumewe mezani, anaweza hata kumpakulia chakula, lakini uchoyo wako hakuna anayeweza kuubuni. Tangu ukiwa na miaka minne ulikuwa hivyo na nguo zako. Nilikuwa jikoni peke yangu. Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni, na baada ya hapo nililia kuliko nilivyolia kwenye matanga.

Lakini ile bahasha ilinifikia imefunguliwa na kubandikwa tena kwa ugali. Wanazisoma kizuizini, mwanangu. Kesho yake akaja yule aliyevua kofia. Hakukaa. Akaniuliza: "Mama, tunasikia mutoto wako ni muzima kule Bujumbura?" Nikamjibu: "Ni mukwe wangu. Kichwa chake kimeharibika, anaongeaka na kiti." Nikaanza kulia hapohapo. Machozi yalikuwa ya furaha ya jana, yeye angejuaje. Akanipa pole akaondoka.

Ndipo nikaandika ile barua. Mama Espoir, ile sikukuandikia wewe, niliwaandikia wao. Nilikuita jina lako la ubatizo nikidhani utashtuka na kuelewa, nikambana Dévote mkono nikidhani naye ataelewa. Dévote anaelewa vitenge. Najua ilikuchoma. Mji mzima sasa unakujua kama mjane mwenye wazimu, wanakuombea kwenye jumuiya kila Alhamisi, na mimi niliyeleta hayo ninaitikia amina. Nisamehe.

Barua yako ya mwisho ndiyo pekee iliyopita salama. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa na watu wa kizuizini hawakutoka kibandani. Wangeifungua, wangekuwa wanakungojea, Adolphe, kwenye mlango wa kanisa, wamepiga nguo pasi.

Unasema wamesahau. Mwalimu mwenzako Gaspard alifikiri hivyo. Alirudi Julai na godoro lake na watoto wake, akasalimia mtaa mzima. Wiki ile ile walimchukua kutoka mezani. Mkewe anapita ofisi hadi ofisi na hakuna anayekiri kumwona. Hakuna aliyesahau. Wewe wamekuacha kwa sababu moja tu, walikunywa chai ya matanga yako. Jina lako limekufa. Liache life vizuri.

Hapa anayejua ni mimi peke yangu. Namegabe sikumwambia, uso wake hauwezi kuficha hata homa. Misa itafanyika. Nitavaa nyeusi na kukaa mbele, na usidhani nitapata kazi kulia. Sikuoni, na sijui kama nitakuona tena kabla sijafa. Kwa hilo sihitaji kuigiza.

Na nyinyi fungueni sahani zenu mzilie. Ile safari ya miezi miwili imekwisha. Sijui wakubwa wa nchi hizi mbili wataishia wapi, ila siwezi kukudanganya kwamba uko njiani kurudi.

Kuhusu kazi yako, uliogopa bure. Mimi nilishona ili ule.

Msiandike kamwe kwamba yuko hai. Mkiandika, andikeni kama watu waliofiwa.

Mama


Gihosha, Bujumbura
10 Januari 2001

Mama yangu mpendwa,

Nakuomba radhi kwa barua zangu za mwaka uliopita. Nilichanganyikiwa. Nilisema mambo ambayo mtu mwenye akili zake hasemi, na nikamtia mtoto kwenye mambo ya watu wazima. Sasa nimetulia. Nimekubali kwamba mume wangu Adolphe amefariki. Nimekata nywele na ninavaa nyeusi nikienda kanisani. Wape wote wanaoniombea salamu na shukrani zangu.

Espoir amefaulu mtihani wa muhula, wa tatu katika darasa lote. Irène ameng'oka jino la mbele na anakataa kucheka. Nimefungua zile sahani. Moja ilikuwa imevunjika tangu safarini, nyingine zote ni nzima, tunazilia kila siku, na Siti amezisifu. Nilidhani nitalia nikizipanga kabatini. Nililia, kisha nikazipanga.

Kuna jambo naomba nikuambie, na kwa kuwa nawe ulifiwa na mume, naamini hutanicheka. Namwota marehemu.

Namwota mara kwa mara, na si ndoto za kutisha. Bandeji zimetolewa. Anashika kijiko kwa mkono wa kushoto na anamwaga mchuzi, watoto wanacheka, naye ananuna kidogo halafu anacheka pia. Anakula. Mwezi uliopita katika ndoto zangu alikuwa hali, sasa anamaliza na kuulizia ukoko.

Nimeota kwamba Bwana Majid amemwondoa kwenye mashine akamweka ghalani kuwapokea wenye mizigo. Nimeota pia kwamba watoto wa majirani wanakuja uani jioni, marehemu anawafundisha hesabu kwenye mlango wa choo, maana ndio ubao mweusi tulio nao. Ameshika chaki, Mama. Kwa mkono wa kushoto, na tarakimu zote zimelala upande mmoja, lakini zinasomeka. Nilitaka uijue ndoto hiyo kuliko nyingine zote.

Siku ya misa yake nilimwota tangu asubuhi. Alivaa shati jeupe, hakutaka kusemeshwa. Saa ya misa ilipofika akatoka nje, akasimama pale ambapo kutoka Gihosha unaliona ziwa na milima ya Kongo ng'ambo yake. Alisimama mpaka jua likamchoma. Aliporudi ndani aliniambia: "Leo mama alivaa viatu vyenye vinamubana." Nikampa maji.

Sijui ndoto hizi zina maana gani, wala kama ni vizuri mjane kuwa nazo. Kama zinakuumiza niambie, nitaacha kukuandikia.

Mjane wa mwanao,
Geneviève


Kadutu, Bukavu
3 Februari 2001

Mama Espoir, mjane wa mwanangu,

Barua yako imefika, na wote walioisoma wamefurahi kuona kwamba umepona.

Misa ilikwenda vizuri. Niliona haya kwa jinsi nilivyolia, ila watu walinielewa. Ni kweli nilivaa vile viatu vyeusi vya harusi ya wifi yako, na vilinibana tangu nyumbani mpaka altareni.

Namegabe anasema kuwaota wafu kiasi hicho si kuzuri, eti nimwambie padri akuombee ziishe. Nimemwambia aniache. Mimi ndoto zimenikimbia. Nikilala ni giza tu mpaka asubuhi, simwoni hata kwa mbali. Kwa hiyo usiache, binti yangu, uniotee na mimi. Usijali kama ni mambo madogo. Ota alichokula, ota aliyegombana naye, ota kama viatu vyake vinaingiza maji msimu huu. Uniandikie kila Dévote anapopita, na kama hukuota kitu, jaribu kulala mapema.

Na ukimwota tena, mwangalie vizuri kichwani, juu ya masikio, uniambie kama mvi zimeanza kutoka. Baba yake zilimwanza mapema.

Mama yako,
Consolate